Daraja la Turubai

Niliishi Ulingo siku arobaini na sita, na haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu au niliambiwa na wanawake wawili ambao sikupata sababu ya kuwatilia shaka. Namna nilivyofika haina faida kwa msomaji. Inatosha ajue kwamba mimi, Shomari Kilua, nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika kikundi cha maigizo, nikiwa mkumbushaji. Mkumbushaji huketi mahali pasipoonekana, mswada wa mchezo mkononi, na mwigizaji akisahau maneno yake humnong'oneza. Ni kazi ya kusikika na mtu mmoja tu. Kwa hiyo nilipoingia katika nchi ambayo watu wake wote ni waigizaji, nilidhani nitakuwa mwenyeji kabla ya siku kwisha.

Afisa wa lango alivaa joho la buluu lenye vifungo vya karatasi.

"Unaingilia kulia au kushoto?" akauliza.

"Kulia kwa nani? Kwa mwigizaji anayewatazama watu, au kwa watu wanaomtazama mwigizaji?"

Akaweka kalamu chini akanitazama kwa heshima mpya. Baadaye nilikuja kujua kwamba swali hilo lilikuwa limeligawa Baraza la Ulingo kwa miaka kumi na mmoja, na kwamba watu wengi wa huko hawaruhusiwi kuliuliza.

"Tuliache hilo," akasema. "Mswada wako uko wapi?"

"Sina."

"Huna maneno?"

"Maneno ninayo. Hayajaandikwa."

Akafungua kitabu kinene cha kanuni, akapekua kwa muda mrefu. Kanuni zilisema kwamba asiye na mswada si mwigizaji, na asiye mwigizaji ni hadhira. Ulingo haikuwa na hadhira tangu miaka mitatu nyuma, walipomrudisha kwao mfanyabiashara mmoja wa karafuu kwa kosa la kusinzia wakati wa hotuba. Basi nikafungwa utepe mwekundu begani, nikapewa kigoda cha kukunja, nikasomewa wajibu wangu: kukaa, kutazama, kunyamaza. Makofi nisipige kwa hiari yangu. Kulikuwa na Idara ya Makofi, na karani wake angenionyesha kibao kila yalipohitajika. Haki yangu ilikuwa moja tu. Hakuna raia aliyeruhusiwa kunipa mgongo.

Haki hiyo ilikuwa usumbufu mtupu. Watu walioachana nami njiani walirudi kinyumenyume hadi nipotee machoni mwao, na wiki ya kwanza nilimwona mwalimu mzima akitumbukia mtaroni kwa adabu.

Sheria yao kuu ni hii. Mtoto akitimiza miaka saba hupelekwa Ofisi ya Miswada, naye hupewa mswada wenye kila neno atakalolisema mbele za watu maisha yake yote, pamoja na maelekezo: lini aingie, lini aketi, lini acheke na kwa muda gani. Wenye jamaa wanaosimama mbele ya jukwaa, yaani karibu na viongozi, hupata miswada ya kurasa mia nne na zaidi. Wa nyuma hupata thelathini au arobaini. Kurasa zikimalizika, mtu hutoka. Hawasemi amekufa. Husema ametoka jukwaani, na jina la uhusika wake hupewa mwigizaji wa akiba, ambaye alikuwa akiyakariri maneno hayohayo tangu ujana.

Kila nyumba ina pazia linaloigawa sehemu mbili. Mbele ya pazia ni jukwaa, na kila kinachofanyika hapo kina uzito wa kisheria. Nyuma ya pazia watu hula, hulala na huzungumza watakavyo, lakini yote hayo hayahesabiwi.

Hata hivyo walikuwa wamejiachia mwanya. Pembeni mwa kila barabara, na katika kila ofisi, kulikuwa na mstari wa manjano uliochorwa chini, nao waliuita kando. Raia aliyesimama kwenye mstari huo aliruhusiwa kusema lolote lililo moyoni mwake, kwa sauti ya kawaida, na waliokuwa karibu waliamriwa na sheria kutolisikia. Nilihudhuria kesi moja mahakamani ambapo hakimu alisimama katikati ya hukumu, akapiga hatua mbili kuelekea mstari wa manjano, akasema, "Huyu mtu hana hatia, na kila aliyemo humu anajua," kisha akarudi kitini akamfunga miaka sita. Mshtakiwa aliinama kwa shukrani kama alivyoandikiwa. Hakuna uso uliobadilika. Karani akanionyesha kibao, nikapiga makofi.

Naeleza jambo hilo bila kujitetea. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Nilipewa malazi kwa Mke wa Mwokaji. Hivyo ndivyo alivyoitwa mbele ya pazia, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa mlangoni pake. Nyuma ya pazia aliitwa Sihaba, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyoungua mahali pengi kwa joko. Mikate yake halisi aliioka na kuigawa nyuma ya pazia, kupitia kidirisha cha uani. Mbele, mezani, palikuwa na mikate saba ya mbao iliyopakwa rangi, na wateja wake waliingia mmoja mmoja, wakaichukua, wakaisifu kwa maneno yaliyoandikwa, wakairudisha.

Katika chumba cha nyuma aliishi Tabu, mwigizaji wake wa akiba. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano. Kila Sihaba alipozungumza na wateja, Tabu alisimama nyuma ya pazia akitikisa midomo bila sauti, neno kwa neno. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na minne. Nilidhani wanawake hao wawili wangekuwa maadui, maana mmoja alikuwa akingoja mwisho wa mwenzake. Nilikosea. Tabu alimwita dada. Walikanda unga kwenye beseni moja, na mmoja akichoka mwingine alimpokea bila kuambiwa.

Jioni ya siku ya kumi, tukiwa tunakunywa chai nyuma ya pazia, nilimuuliza Sihaba mwokaji mwenyewe yuko wapi.

"Ametoka," akasema, kwa sauti ile ya mbele ya pazia. Kisha akaangalia mikono yake. "Mwambie wewe, Tabu."

Tabu akaweka kikombe chini. "Umeliona daraja, Bwana Shomari?"

Nilikuwa nimeliona kwa mbali, daraja la mawe lenye reli za chuma, likivuka bonde la mto. Nikasema ni kazi nzuri.

"Ni nzuri ukiwa umekaa pale walipokuweka," akasema Tabu. "Walilijenga kwa vikosi viwili, kila kimoja ng'ambo yake, wakutane katikati. Ikatoka amri kwamba daraja lisogezwe hatua kumi kulia. Kikosi kimoja kikahesabu kulia kwa mwigizaji. Kingine kikahesabu kulia kwa hadhira. Walipofika katikati ya mto walikuwa wameachana hatua ishirini."

"Wakalibomoa?"

"Nani abomoe? Anayebomoa amekiri kwamba kulia kwake si kulia. Baraza linajadili mpaka leo. Wakati wanajadili, wakaleta mafundi wa mandhari, wakatandika turubai juu ya pengo, wakachora mawe, wakachora reli, wakachora na kivuli cha reli. Sherehe za uzinduzi zikafanyika. Hakuna aliyelivuka, kwa sababu hakuna aliyeandikiwa kulivuka."

"Isipokuwa mume wangu," akasema Sihaba.

Sasa aliendelea mwenyewe. Mswada wa mwokaji ulikuwa wa kurasa thelathini na nane, naye hakuwa na mwigizaji wa akiba. Ofisi ya Miswada iliuandika kabla daraja halijajengwa, na ukurasa wa mwisho ulisema: Mwokaji anavuka daraja. Pazia. Siku ilipofika, watu wa mtaa walimsindikiza wakiwa na maleba yao ya sherehe, nguo nzuri nzuri za kukodi kutoka bohari ya serikali. Alipofika mwanzo wa daraja alitoka katikati ya njia, akaenda kusimama kwenye mstari wa manjano.

"Akasema, 'Lile ni turubai.' Alisema mara mbili. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu, kama unavyomwambia mtu kwamba chungu kina moto. Halafu akatutazama. Akanitazama mimi."

"Na wewe?"

"Sikumsikia," akasema Sihaba. "Ni sheria. Alisimama kando, kwa hiyo sikumsikia." Akakisogeza kikombe chake kidogo, akakirudisha mahali pake. "Akarudi katikati ya njia akavuka, turubai likampasukia. Walipomtoa mtoni wakamleta mlangoni, na mimi siku hiyo ukurasa wangu ulikuwa na maneno matatu. Mkate uko tayari. Nikawaambia hivyo. Wameshika miguu yake na mabega yake, maji yanawachuruzika, nami nawaambia mkate uko tayari. Hawakuniandikia kulia. Hawakuniandikia matanga. Ni miaka saba sasa."

Nimewanong'oneza watu maneno kwa miaka kumi na tisa, na pale sikuwa nalo hata moja.

Baadaye kidogo Tabu alinyanyuka akauleta mswada wa dada yake, akaufungua mbele yangu. Ulikuwa wa kurasa arobaini na moja. Sihaba alikuwa kwenye ukurasa wa thelathini na tisa. Ukurasa wa mwisho ulisema: Mke wa Mwokaji anavuka daraja. Pazia.

"Na ukurasa wako?" nikamuuliza Tabu.

"Mimi naanza alipoishia yeye. Nitapewa aproni yake, mlango wake, na hii meza." Akaufunga mswada. "Nafasi ninayoingoja ina mtu ndani yake, Bwana Shomari. Hilo hawakulifikiria."

Siku zilizofuata nilifanya nilichoweza, yaani nilikwenda ofisi hadi ofisi. Mkuu wa mambo yote ya wilaya alikuwa Mwelekezi, Bwana Kidawa Mtonga, mtu mpole wa miaka sitini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila raia anasimama anapotakiwa na kusema anachotakiwa. Alinipokea vizuri sana. Aliniketisha, akasimama mbele yangu ili asinipe mgongo, na nilipomweleza kwamba nimekuja kwa ajili ya daraja, akaniuliza kwa upole kama nimekuja kuzungumza au kutazama.

"Kuzungumza."

"Hadhira haizungumzi, mheshimiwa. Ukizungumza hutakuwa hadhira tena, na kwa kuwa si mwigizaji pia, hutakuwa mtu wa aina yoyote. Sijui tutakuweka wapi."

"Kule mtoni kuna pengo, Bwana Mwelekezi. Mama wa watu ataanguka."

Bwana Kidawa akapiga hatua tatu, akasimama kwenye mstari wa manjano wa ofisini kwake. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliyechoka.

"Najua. Nilikuwa msaidizi wa Mwelekezi wakati ule. Tangu mwokaji aanguke silali vizuri. Nimeandika barua nne kwa Baraza, nazo nimeziandika hapa kando, kwa hiyo hazisomeki." Kisha akarudi mezani, akavua miwani akaipangusa. "Ulikuwa unasema, mheshimiwa?"

Akanipeleka kwenye Baraza siku hiyohiyo, akidhani labda ningefurahi kuwaona wakubwa kazini. Nikashuhudia kikao cha mia tatu na tisa cha mjadala wa kulia. Upande mmoja ulishikilia kwamba kulia ni kulia kwa mwigizaji, kwa sababu ndiye anayetembea. Upande mwingine ukashikilia kwamba kulia ni kulia kwa hadhira, kwa sababu bila macho ya kutazama hakuna onyesho. Mzungumzaji mmoja alitumia saa nzima kuonyesha kwamba mto wenyewe ndio ulioko mahali pasipofaa. Kila mmoja alizungumza kwa ufasaha mkubwa; maneno yote yaliandikwa na mtu mmoja, na pande zote mbili zilimpongeza baadaye. Hakuna aliyetaja pengo. Nilipoangalia chini niliona kwamba mstari wa manjano ulizunguka ukumbi mzima, nao ulikuwa umefifia kabisa kwa kukanyagwa.

Nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba hakuna ofisi ya Ulingo itakayomzuia Sihaba kuvuka. Kama lipo la kufanyika, litafanyika palepale darajani.

Nikamwambia hivyo. Alikuwa akipanga kuni.

"Nami nimelifikiri hilo," akasema. "Mwanzo niliwaza kutoroka. Lakini nikitoroka, Tabu atasimama badala yangu, na turubai litabaki palepale."

"Sasa utafanyaje, dada?" akauliza Tabu.

"Sijui maneno yake bado. Mahali pa kuyasemea napajua."

Siku yake ilifika siku yangu ya arobaini na mbili katika nchi ile, asubuhi yenye jua kali. Watu wa mtaa walikuja na maleba yao, wengine na taji za karatasi, wengine na majoho. Mimi nikawekewa kigoda changu mahali palepale ambapo daraja huonekana zima. Karibu na mwanzo wa daraja palikuwa na kisanduku cha mbao, ndani yake mkumbushaji wa wilaya, kijana mwembamba, mswada magotini. Bwana Kidawa alisimama ubavuni mwa kisanduku hicho. Nyuma ya Sihaba, hatua mbili, alitembea Tabu, tayari amevaa aproni kama ilivyoamriwa.

Sihaba alifika pale mawe ya kweli yalipokwisha na mawe ya rangi yalipoanza. Akasimama.

Palepale pembeni ulikuwepo mstari wa manjano, na nikaona watu wakianza kuzigeuza nyuso zao, wakijiandaa kutosikia. Walidhani atafanya kama mumewe. Lakini hakwenda kwenye mstari. Alibaki katikati ya njia, akatugeukia sote.

Kimya kirefu katika Ulingo kina maana moja tu, kwamba mtu amesahau. Mkumbushaji akatoa kichwa. "Anavuka daraja," akanong'ona.

Sihaba hakusogea.

"Anavuka daraja," mkumbushaji akarudia, kwa nguvu zaidi. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe ile, na aliifanya vizuri, na nilitamani aiache.

"Lile ni turubai," akasema Sihaba.

Alilisema katikati ya jukwaa, mchana kweupe, mbele ya hadhira. Nina hakika hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, kwa sababu hakuna aliyejua uso wake uweje. Watu waliokuwa wamegeuka hawakujua wageuke tena au wabaki. Bwana Kidawa alifungua mdomo, akamwangalia mkumbushaji. Mkumbushaji akapekua mswada, ukurasa wa arobaini, wa arobaini na moja, kisha akaufunga. Hapakuwa na kitu baada ya hapo.

"Lile ni turubai," akarudia Sihaba. "Mume wangu aliwaambieni. Nami aliniambia."

"Nimekusikia, dada," akasema Tabu.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini aliyesimama pale alikuwa mwigizaji wa akiba, mtu asiye na neno hata moja la kwake mpaka mwenzake atoke, na kwa sheria hakuwa hata na kinywa. Neno "nimekusikia" lenyewe halimo katika mswada wowote wa nchi ile. Niliuliza baadaye Ofisi ya Miswada, wakathibitisha.

Hapo Bwana Kidawa alikuja kwangu. Alitembea haraka, uso umejaa jasho, akainama karibu na kigoda.

"Mheshimiwa hadhira," akasema, na wote wakamsikia. "Sheria inasema kisichosikiwa na hadhira hakikusemwa. Je, kuna neno umelisikia?"

Alikuwa akinipa njia, na nadhani alikuwa akimpa Sihaba pia. Ningesema hapana, yote yangefutwa. Wangeanza tena kesho, kutoka mwanzo wa ukurasa, na kesho kutwa, mpaka avuke. Ningesema ndiyo, nisingekuwa hadhira tena, wala mtu wa aina yoyote, kama alivyonionya. Karani wa makofi alikuwa amekishika kibao chake hewani, hajui akiinue au akishushe.

Nikasimama. Sauti yangu imezoea kunong'ona, na nililazimika kuitafuta.

"Nimesikia," nikasema. "Amesema lile ni turubai. Ni turubai kweli, na chini yake ni mto."

Mwanamke mmoja mwenye taji ya karatasi akasema, "Nami nimesikia." Kisha mzee mmoja. Kisha wakasema wengi kwa pamoja, wengine wakisema wamesikia leo, wengine wakisema walisikia miaka saba iliyopita, na hao wa mwisho ndio waliolia.

Sihaba akageuka. Akatupa mgongo sisi sote, mimi, Mwelekezi na wilaya nzima, kosa kubwa kuliko yote katika kitabu chao, akaenda hadi ukingoni. Akapiga magoti. Alikuwa na kisu chake cha kukatia mkate katika mfuko wa gauni lake, akakiingiza kwenye mawe yaliyochorwa, akavuta. Turubai lilikuwa la zamani, limeshonwa tu pale alipoangukia mumewe, likapasuka kwa urefu bila shida. Upepo wa bondeni ukapita katikati, vipande viwili vikaning'inia, tukaona maji chini na vichwa vya majiwe. Ng'ambo, hatua ishirini kushoto, au kulia, ile nusu nyingine ya daraja ilikuwa imesimama peke yake ikielekea kusikojulikana.

Hakuna aliyekamatwa siku ile. Kuna sababu ya kiofisi: polisi wa Ulingo hukamata kwa maneno maalumu, na maneno hayo huandikwa mwezi mmoja kabla. Taarifa ya wilaya, niliyoisoma, ilisema kwamba onyesho liliahirishwa kwa hitilafu ya mandhari. Baraza liliitisha kikao cha mia tatu na kumi. Lakini asubuhi ya pili watu kumi na wawili wa mtaa walikwenda darajani na kamba na magogo, wakaanza kupima kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nilipita nikawasikia wakisema "huku" na "kule," na kunyoosha vidole, na kazi ilikuwa ikienda.

Sihaba hakwenda darajani. Alirudi nyumbani, akamwomba Tabu amsaidie, wakalishusha pazia kutoka kwenye fimbo yake, wakalikunja. Wakatandika mikeka chumba kizima. Akajifunga kanga, akaketi chini karibu na ukuta, miguu imenyooshwa.

"Nakaa matanga," akaniambia. "Nimechelewa miaka saba. Nitakaa siku tatu."

Watu walikuja. Lilikuwa jambo gumu kwao kuliko la darajani, maana pale walisema wote kwa pamoja, na hapa ilibidi kila mmoja aingie peke yake mlangoni, bila mswada. Walisimama kizingitini wakipapasa mifuko. Tabu ndiye aliyewapokea.

"Karibu. Kaa tu," akawaambia. "Si lazima useme."

Wakaketi. Wengine walikaa saa nzima bila neno, wakaondoka. Wengine walianza kueleza mambo madogo, kwamba mwokaji alikuwa akiimba vibaya, kwamba aliwahi kumkimbiza mbuzi aliyeiba kilemba chake. Sihaba alicheka mara moja, kisha akalia kwa muda mrefu, na Tabu akamshika. Mimi niliketi mkekani na wengine. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtu wa aina gani.

Siku ya tatu, alasiri, alikuja Bwana Kidawa Mtonga. Alikuja bila joho lake. Alisimama mlangoni akatafuta mahali pa kuelekea, maana chumba kilikuwa na watu pande zote na kila alikogeuka alimpa mtu mgongo. Mwishowe akakata tamaa, akapita katikati yao, akachuchumaa mbele ya Sihaba.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwepo siku ile. Nilimsikia."

"Najua," akasema Sihaba.

"Sijui niseme nini."

"Sema jina lake."

Bwana Kidawa akainamisha kichwa. Katika mafaili yake yote mtu yule aliandikwa Mwokaji. "Silijui," akasema.

"Aliitwa Mshamu."

"Mshamu," akasema Bwana Kidawa. Akalirudia taratibu, kama mtu anayejifunza. Kisha akasogea ukutani, akakunja miguu, akampisha mtu mwingine aliyekuwa akiingia.